Kasi ya Kupasua Mwanzi

  

Leo nimekuja na msemo wa Kichina. Najua mtauliza, Wachina na sisi wapi na wapi? Nivumilieni kidogo, maana msemo wenyewe ni wa mwanzi, na kwa habari ya mwanzi hakuna mtu wa huku Njombe anayehitaji kufundishwa.

Wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Guangzhou wanajua kwamba wenyeji wa mji ule wana lugha yao, Kikantoni, ambayo ndiyo inayosikika pia Hong Kong. Katika lugha hiyo kuna msemo wa maneno manne, nao hutamkwa hivi kwa kukaribia: sai yu po chuk. Mchina wa Beijing huuandika kwa herufi hizo hizo nne, ila kinywani mwake unatoka na sauti nyingine. Kwa Kiswahili ni kusema kwamba nguvu ya mwendo imekuwa kama ya kupasua mwanzi. Jeshi likiteka mji leo, kesho mwingine, na keshokutwa mji wa tatu ukafungua lango wenyewe, husemwa hivyo. Timu ikishinda mechi mfululizo mpaka wapinzani wanaingia uwanjani wamekwisha kushindwa moyoni, husemwa hivyo. Vivyo hivyo mgombea anayezoa kura kata baada ya kata, na bidhaa iliyoingia sokoni nyingine zote zikapisha.

Sisi tunayo yetu. Tunasema mambo ni mbele kwa mbele, tunasema mwendo mdundo, tunasema habari imeenea kama moto wa nyika. Mwaka 2005 nchi nzima iliimba ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya. Kwa hiyo sisemi kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Ninachosema ni kwamba msemo huu wa mwanzi umebeba jambo ambalo misemo yetu ya kasi hailisemi, na jambo hilo linatuhusu sisi wa mkoa huu kuliko tunavyodhani.

Kwanza asili yake. Msemo huu umetoka katika vita vya zamani sana, miaka zaidi ya 1,700 iliyopita. China ilikuwa imegawanyika, na dola ya Jin ya kaskazini ilikuwa imebakiza adui mmoja tu, dola ya Wu iliyokaa kusini ya mto mkubwa wa Yangtze. Mwishoni mwa mwaka 279 majeshi ya Jin yakaanza kushuka. Mmoja wa majemadari wake aliitwa Du Yu, msomi aliyekuwa akisifiwa kwa akili kuliko kwa mabavu. Mwanzoni mwa mwaka 280 Du Yu akauteka mji wa Jiangling, ngome kubwa ya Wu kando ya mto ule, na miji ya jirani ikaanza kusalimu amri.

Hapo ukaitishwa mkutano wa wakuu wa jeshi. Baadhi yao wakashauri kusimama. Hoja zao hazikuwa za woga, zilikuwa za watu wazima. Adui huyu ni wa miaka mingi, hamalizwi kwa mara moja. Joto linakuja, mito itajaa, magonjwa yatawashika askari. Turudi nyuma, tungoje majira ya baridi, ndipo tuendelee. Du Yu akakataa. Akawaambia kwamba nguvu ya jeshi kwa saa ile ilikuwa kama ya mtu anayepasua mwanzi, ambaye akishapita mafundo machache ya mwanzo, yaliyobaki yanaachia yenyewe kwa kuguswa na makali tu, bila kutumia nguvu ya mkono. Jeshi likaendelea. Katika mwaka ule ule wa 280 mfalme wa Wu akajisalimisha, na China ikawa dola moja tena.

Sasa msikilizaji, angalia vizuri alichosema yule jemadari. Hakusema mwanzi ni laini. Hakusema kupasua ni kazi rahisi. Alisema kuna mafundo machache ya mwanzo, na kuna yale yanayofuata. Asiyewahi kushika panga na mwanzi hawezi kuuelewa msemo huu sawasawa. Ataukumbuka kwa ile kasi ya mwishoni na kuusahau ugumu wa mwanzoni.

Nenda ukamtazame fundi wa matenga kando ya barabara, hawa wanaosuka matenga ya nyanya. Anachagua mwanzi mbichi ulionyooka. Anausimamisha, anaweka makali ya panga juu ya ncha, katikati kabisa, halafu anagonga mgongo wa panga kwa kipande cha gogo. Pingili ya kwanza inalia na kufunguka. Panga linafika kwenye fundo, linagoma. Anagonga tena, na tena. Anachezesha mpini kushoto na kulia mpaka fundo liachie. Fundo la pili linagoma pia, ila si kama la kwanza. Baada ya hapo anachomoa panga, anachomeka kijiti ndani ya ufa, anakisukuma kwenda chini, na mwanzi unaanza kujipasua wenyewe, fundo baada ya fundo, kwa mlio unaousikia ukiwa ng'ambo ya barabara.

Lakini macho ya fundi hayatoki kwenye ule ufa. Ukianza kwenda upande mmoja, kipande kimoja kitatoka chembamba na kingine kinene, na wembamba ule hausuki tenga la kubeba kitu. Kwa hiyo anaukunja kidogo upande ulio mnene mpaka ufa urudi katikati. Mwanzi unakwenda wenyewe, ndiyo, lakini haujiongozi wenyewe. Na huo ni mwanzi wa kawaida. Mlanzi wetu, huu tunaougema ulanzi wakati wa mvua, una nyama nene na tundu dogo kule chini karibu na shina, na anayejua kazi anajua jasho lake.

Basi, ukitaka kuuona msemo huu wa Wakantoni ukiwa umeandikwa juu ya ardhi ya Tanzania, huna haja ya kupanda ndege. Nenda stesheni ya Makambako.

Tunaipita stesheni ile kila siku na tumezoea kuiita TAZARA bila kufikiri. Wazee wetu waliiita Reli ya Uhuru, na walikuwa na sababu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, na shaba ya Zambia ikabaki bila reli ya moja kwa moja hadi baharini ambayo haipiti kwa makaburu au kwa Wareno. Benki ya Dunia ilikwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwenda China mwezi Februari mwaka huo huo wa 1965, na mkataba wa nchi tatu ukatiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Oktoba 1970 ujenzi ukazinduliwa. Mafundi wa Kichina walitoka majimbo mengi ya nchi yao, na wengi wao walipanda meli kuja huku katika bandari ya Guangzhou, mji wenye lugha ya msemo wetu wa leo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba ni kilomita kama 500. Nchi ile ina pori, ina wanyama, ina mito ya mafuriko, lakini kwa sehemu kubwa ni nchi ya chini. Kabla mwaka 1971 haujaisha, reli ilikuwa imefika Mlimba.

Halafu likaja lile lililokuwa likiwanyima wahandisi usingizi. Kutoka Mlimba reli inaliacha bonde la Kilombero na kupanda ukingo wa nyanda za juu mpaka Makambako. Ni kilomita 157 hivi tu. Reli nzima kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ina urefu wa kilomita 1,860, kwa hiyo kipande hiki hakifiki hata sehemu ya kumi. Lakini reli nzima ina mahandaki 22, na sehemu kubwa ya mahandaki hayo imerundikana humo. Humo ndimo lilimo daraja la Mto Mpanga, lenye nguzo zinazokaribia mita 50 kwenda juu. Humo ndimo yalimo mahandaki ya Irangi. Udongo ule ukilowa unatelemka, na mvua za huko hazihesabu siku. Vijana wa Kitanzania walioletwa kwa makundi kutoka mikoa yote, wengine wakipitia Jeshi la Kujenga Taifa, walifanya kazi zamu za mchana na usiku bega kwa bega na Wachina. Walichimba miamba, walibeba zege, walilala kwenye mahema yenye unyevu. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika ujenzi wa reli hii, na makaburi yao mengi yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Walikufa Watanzania na Wazambia pia, na hao makaburi yao hayako mahali pamoja.

Walipofika juu, Makambako, mwanzi ukaachia. Kutoka hapa kwenda Tunduma ni zaidi ya kilomita 300, karibu mara mbili ya kile kipande cha milima. Na Agosti 1973 reli ilikuwa imeshafika mpakani. Piga hesabu mwenyewe: kutoka mwishoni mwa 1971 hadi Agosti 1973 walipanda ukingo, wakavuka mkoa wetu na Mbeya, wakagusa Zambia. Juni 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi, mapema kuliko ilivyopangwa, na Julai 1976 kazi ikakabidhiwa rasmi.

Watu wa nje walioandika habari za reli hii mara nyingi wamesifia kasi ya kutandika reli kwenye tambarare. Mimi naona wanasifia mahali pasipostahili. Kasi ile ilinunuliwa Mpanga na Irangi. Aliyetandika reli kuelekea Tunduma alikuwa akila matunda ya yule aliyekuwa ndani ya handaki na taa ya karabai.

Sasa nigeukie matumizi, maana msemo ukikosewa matumizi unaweza kupotosha. Kila penye vumbi na kelele tuna haraka ya kusema mambo yameshika kasi. Mfano uko hapa hapa mkoani, kule Ludewa. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mkataba wa makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Hotuba zilikuwa moto. Miaka zaidi ya 10 ikapita bila chuma hata tani moja kuyeyushwa pale Liganga. Ile haikuwa kasi ya kupasua mwanzi. Panga lilikuwa bado liko juu ya ncha, halijagongwa. Saini si fundo, uzinduzi si fundo, wala wimbo wa kwaya siku ya mgeni rasmi si fundo.

Mpira nao una fundisho lake, ingawa ni fupi. Njombe Mji walipanda Ligi Kuu wakacheza msimu wa 2017/18, na mkoa mzima ulitembea kifua mbele. Msimu ulipoisha wakashuka, wao na ndugu zetu Majimaji wa Songea. Kupanda daraja ni fundo la kwanza. Anayelichukulia kuwa ndilo la mwisho, ligi itamweleza.

Na hapo jina la Majimaji linanileta kwenye habari nzito zaidi. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, na vilienea kwa mwendo ambao serikali ya Kijerumani haikuutazamia. Mwishoni mwa Agosti wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge. Mwezi Septemba vita vilikuwa Ungoni na huku kwetu Ubena, na tarehe 19 Septemba watu wa Mtemi Mbeyela waliivamia misheni ya Yakobi, hapa hapa jirani na Njombe. Wakati ule mtu angetazama ramani angesema hakuna wa kuwazuia. Lakini kule Mahenge bunduki za rashasha zilikuwa zimeshawaangusha watu kwa mamia, na Yakobi nayo haikuanguka. Vita vilikuwa vimeenea mbali bila kuvunja fundo lililo gumu, yaani boma lenye rashasha kama lile la Mahenge. Wajerumani wakarudi kwa moto na njaa, wakachoma maghala na mashamba, na watu waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Simlaumu Mbeyela. Alisimama pale ambapo mtemi alipaswa kusimama, na ni haki kwamba mjini Njombe kuna shule ya sekondari yenye jina lake. Ninachosema ni kwamba kuenea na kupasua ni mambo mawili. Moto wa nyika unaenea. Du Yu alikuwa ameshaiteka Jiangling ndipo akafungua kinywa chake kuzungumzia mwanzi.

Kwa hiyo ukitaka kuutumia msemo huu kwa Kiswahili chetu, mimi napendekeza tuseme hivi: wameshapita mafundo. Usiseme biashara ya fulani ina kasi ya kupasua mwanzi kwa sababu amefungua duka la pili. Uliza kwanza kama ameshalipa deni la duka la kwanza. Na ukiona kweli mafundo yamepitwa, hapo ndipo msemo unapokuwa amri: usisimame, usiseme tungoje majira mengine.

Chukua parachichi, ambalo kila mtu mkoani hapa analizungumzia. Mche uliobebeshwa unamdai mkulima kama miaka mitatu ya palizi na maji kabla haujampa tunda la kuuza. Hilo ni fundo moja, na maelfu ya wakulima wa Njombe wameshalipita. Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Beijing, China ilikubali kufungua soko lake kwa parachichi la Tanzania. Soko lenyewe, si saini yake, ndilo fundo la pili. La tatu ni letu wenyewe, nalo ni kuchuma matunda machanga. Mnunuzi wa haraka anakuja na gari usiku, mkulima ana ada ya mtoto mkononi, tunda linachumwa kabla ya wakati, linafika ng'ambo likiwa haliivi ila linasinyaa. Mnunuzi wa kule hajui shamba lako wala jina lako. Anajua neno moja tu lililoandikwa kwenye boksi, Tanzania. Fundo hili bado halijapasuka, na tusijidanganye.

Narudi relini. Reli ile iliyopasua ukingo wa Mlimba ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Malori yalijaa barabarani, na sisi wa Makambako tunajua maana yake, tunaziona foleni. Mafundo yote yalikuwa yameshapasuliwa na wazee, kisha mkono wa kuongoza ufa ukalegea: injini hazikutengenezwa kwa wakati, mishahara ikachelewa, wateja wakahama. Kosa hili linauma kuliko la Liganga, kwa kuwa hapa kazi ngumu ilikuwa imekwisha. Septemba 2024, mjini Beijing, hati ya kuifufua reli hii ilitiwa saini mbele ya Rais Samia, Rais Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping. Nimekwisha kusema saini si fundo, na sitabadilisha neno hilo kwa sababu safari hii saini inatuhusu. Tuitazame injini, tuitazame ratiba, tuhesabu mabehewa.

Lakini kuna kazi moja isiyosubiri Beijing wala Lusaka, na ndiyo ninayokuomba leo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 ana zaidi ya miaka 70 sasa. Wapo Makambako, wapo Mlimba, wapo vijijini kandokando ya reli, wazee waliochimba na kubeba zege katika kile kipande cha kilomita 157. Wengine walijifunza Kichina cha kazini, wengine walizika wenzao. Ukiwa na babu wa namna hiyo nyumbani, au jirani, kaa naye wiki hii. Muulize alikuwa kikosi gani, alilala wapi, alilipwa nini, nani alikufa na alizikwa wapi. Rekodi sauti yake kwenye simu yako, andika majina, andika tarehe anazozikumbuka. Kisha uniletee hapa studio, nami nitasoma majina hayo hewani, moja baada ya jingine, katika kipindi hiki hiki.